Mchanga huu una umri gani? Jinsi ya kupeleka darasa kuchunguza mimea ya ufuoni Mfangano

Vitabu vingi vya Jiografia vya sekondari vina ule mchoro: maji kushoto, mchanga mtupu, nyasi za hapa na pale, vichaka, kisha msitu kulia. Mwanafunzi anaukariri, anauchora kwenye mtihani na kupata alama zake. Shida huanza siku mwalimu anapolivusha darasa kutoka Mbita hadi kisiwa cha Mfangano, Ziwa Victoria, akafunga kamba ukingoni mwa maji, na ardhi ikakataa kufuata mchoro. Mita tano kutoka majini kumesimama mti mkubwa uliokauka. Mita ishirini kuna mchanga usio na jani. Mita thelathini kuna ukoka ambao mbuzi wameutafuna hadi kwenye mizizi. Hapo kishawishi ni kuwaambia wanafunzi waandike kama kitabu kinavyosema.

Waambie waandike walichokiona. Ukitafuta sababu ya ufuo huo kupingana na kitabu, utakuwa na kazi ya nyanjani ya kweli.

Mchoro wenyewe asili yake ni ziwani, ingawa siku hizi huchorwa na bahari. Mwaka 1899 Henry Chandler Cowles wa Chuo Kikuu cha Chicago alichapisha utafiti wake kuhusu mimea ya matuta ya mchanga kando ya Ziwa Michigan, Marekani. Ziwa lile lilikuwa limeshuka kwa maelfu ya miaka, likiacha tuta nyuma ya tuta. Tuta la karibu lilikuwa changa, la mbali kongwe. Aliyeyapa maji kisogo na kutembea alitoka kwenye mchanga wa juzi akaelekea mchanga wa enzi za kale, na njiani aliona mimea ikipokezana ardhi: ile tangulizi inayovumilia joto na njaa hushika mchanga, ikifa huacha mboji, mboji hushika maji, na maji hukaribisha mimea mingine ambayo mwishowe huifukuza ile iliyotangulia kwa kuinyima jua.

Ziwa Victoria halikutulia hivyo. Kati ya 1961 na 1964 mvua zinazokumbukwa kama mvua za Uhuru zililipandisha kwa takriban mita 2.5. Likashuka kwa miongo kadhaa, tena likawa chini sana mwaka 2006. Kisha mvua kubwa za 2019 na 2020 zikalijaza, na Mei 2020 likaipita kidogo alama ya 1964. Mwaka 2024 likapanda tena na kuhamisha watu wa pwani zake. Sasa piga hesabu. Kwenye ufuo unaopanda mita moja kwa kila mita ishirini za kutembea, mita 2.5 za maji humeza mita 50 za ardhi. Mita 50 ni ndefu kuliko kamba ambayo shule nyingi huja nayo. Maana yake ni kwamba kamba yako yote inaweza kuwa imelala juu ya ardhi iliyozama na kuibuka ndani ya umri wa mtu mmoja, na umbali kutoka majini haukuambii umri wa mchanga.

Kwa hiyo peleka darasa na nadharia tete mbili. Ya kwanza ni ya kitabu: aina za mimea huongezeka kadiri unavyokwenda mbali na maji. Ya pili: aina za mimea huongezeka kadiri miaka inavyopita tangu mchanga uachwe bila kusumbuliwa. Huko Michigan hizi mbili zingetoa jibu moja. Mfangano zinaweza kutengana, na darasa litajua moja imeizidi nyingine kwa kiasi gani.

Ili kuipima ya pili unahitaji saa, yaani kitu kitakachokupa tarehe. Kisiwa kinazo kadhaa. Saa ya kwanza ni wazee. Mpeleke mwanafunzi anayejua Dholuo vizuri, na akipatikana anayejua Olusuba itakuwa bora zaidi, amwombe mzee wa karibu na ufuo: "Mzee, tafadhali tuonyeshe maji yalifika wapi wakati wa mvua za Uhuru, na yalifika wapi wakati wa korona." Usiulize mwaka. Uliza tukio, kisha mwaka utautafuta mwenyewe. Waulize angalau watu watatu walio mbalimbali, kila mmoja peke yake, na utie kijiti pale kila mmoja alipoonyesha. Vijiti vikikaribiana, una mstari wa 2020. Vikitawanyika, andika hivyo pia.

Saa ya pili ni mashimo ya mchanga. Pale watu wanapochota mchanga wa kujengea, shimo likiachwa huanza upya kabisa: ardhi tupu, mbegu zinazoletwa na upepo na kwato, mimea tangulizi. Waliochimba kwa kawaida wanakumbuka nyumba ipi ilijengwa kwa mchanga wa shimo lipi, na mwenye nyumba anakumbuka mwaka aliojenga. Ukipata mashimo manne au matano ya umri tofauti, yote kwenye kimo kinachokaribiana, umepata kitu bora kuliko kamba yoyote. Mimi ningeanzia hapo kama ningekuwa na siku moja tu. Saa ya tatu iko juu kidogo ya ufuo: gunda, boma lililohamwa. Ardhi ya gunda ilishatiwa samadi kwa miaka, basi usiichanganye na mchanga wa ufuoni kwenye jedwali moja, lakini inaonyesha vizuri vichaka vinavyorudi pale mtu anapoondoka. Omba ruhusa ya familia kwanza. Mara nyingi gunda lina makaburi.

Usitarajie matuta marefu. Pwani kubwa ya Mfangano ni miamba, mabaki ya volkano kongwe ya Kisingiri, na mchanga umejificha kwenye ghuba ndogo katikati ya miamba. Penye mchanga utakuta tuta dogo, pengine la kimo cha goti, lililosukumwa na mawimbi na kuongezewa na upepo wa mchana unaotoka ziwani. Takawiri, kisiwa kidogo cha jirani, kina ufuo wa mchanga unaojulikana. Shule za Migori hazina haja ya kuvuka. Muhuru Bay itawafaa. Anayetaka matuta halisi ya kupanda na kuteremka aende Mambrui, kaskazini ya Malindi, ambako mto Sabaki humwaga mchanga baharini na upepo wa monsuni huurudisha nchi kavu. Kule mimea tangulizi hupambana na chumvi. Huku hakuna chumvi, wala maji kujaa na kupwa. Adui wa mche hapa ni joto la mchanga wenyewe, kiu, ukosefu wa naitrojeni, kufukiwa na, zaidi ya yote, mbuzi.

Ziara ya awali ya mwalimu ni ya lazima, na mtu wa kwanza kumwona ni mwenyekiti wa BMU, ile kamati ya usimamizi wa ufuo. Kila ufuo wa kutua mashua una yake. Mweleze mnataka nini, wanafunzi wangapi, saa ngapi, na kwamba hamtang'oa wala kuchota kitu. Kisha mwulize kuhusu omena. Uvuvi wa omena hutegemea taa na giza, hivyo mwezi ukiwa mwandamo, mchana kutwa mchanga hufunikwa na vyandarua vya kuanikia, na akina mama wanaogeuza omena hawatafurahia watoto arobaini wenye kamba. Mbalamwezi inapokuwa kamili, taa hazina kazi na wavuvi wengi hupumzika. Panga safari wiki hiyo. Kalenda ya mwezi ina faida kubwa hapa kuliko kalenda ya shule.

Vukeni asubuhi, maana alasiri upepo huamka na mawimbi huwa makubwa. Kila mtoto avae jaketi okozi, na likikosekana moja, mtoto mmoja asipande. Kazi ya ufuoni ianze mapema na iishe kabla ya saa tano, kwa sababu tuko karibu kabisa na ikweta na mchanga mkavu wa saa saba huunguza mguu. Viatu ni lazima. Asiingie mtu majini hata kwa kuosha miguu: konokono wa kichocho wako kwenye maji ya kina kifupi yenye majani, mahali pale pale ambapo mwanafunzi mwenye bidii atataka kuhesabu mafunjo. Yaliyomo kwenye matete yahesabiwe kwa macho kutoka nchi kavu. Mwulize mwenyekiti kuhusu viboko na mamba, na umwombe mvuvi mmoja akae nanyi.

Sasa vifaa. Kamba ya mita 50 iliyofungwa kitambaa chekundu kila mita. Fremu ya mraba ya sentimita 50 kwa 50, ya waya au ya mabua ya matete, ikiwa imegawanywa kwa nyuzi kila sentimita 10 ili kupata visanduku 25. Kila kisanduku ni asilimia 4. Mizani ya jikoni inayosoma gramu. Kipimajoto. Mifuko ya karatasi. Siki. Na mpira mwembamba unaopenya mwanga, wa mita 10 hivi, ule ambao mafundi wa ujenzi huutumia kusawazisha msingi.

Mpira huo unastahili maelezo, kwa sababu shule nyingi hupima mteremko kwa kipimapembe na uzi, na pepo za ziwani hutikisa uzi hadi namba zinakuwa za kubahatisha. Ujaze mpira maji, ondoa mapovu yote, na ufunge kila ncha kwenye fito yenye alama za sentimita. Mwanafunzi mmoja asimame ukingoni mwa maji, mwingine mita tano mbele. Maji ndani ya mpira hukaa kimo kimoja pande zote mbili. Kila mmoja asome maji yamefika alama gani kwenye fito yake, toa ndogo kwenye kubwa, na hiyo ndiyo tofauti ya kimo cha ardhi. Songeni mita tano tena. Mkifika mwisho wa kamba mna sura kamili ya ufuo, ikiwa na makosa ya sentimita chache tu, kwa kifaa cha bei ndogo.

Lakini sifuri yenu ni ipi? Ukingo wa maji wa leo haufai. Kila mwaka ziwa hupanda baada ya masika, kilele chake kikiwa karibu na Mei au Juni, kisha hushuka. Sentimita 40 tu za tofauti kwenye mteremko niliousema huhamisha ukingo mita 8. Tafuteni kitu kisichohama: kizingiti cha kanisa, ngazi ya shule, mwamba mkubwa ambao kila mtu anaujua. Pimeni kimo cha ukingo wa maji kutoka hapo, mwandike tarehe na saa. Msipake rangi mwamba wowote. Kisiwa hiki kina michoro ya kale kwenye miamba ya Mawanga na Kwitone, na mahali pengine ni patakatifu hadi leo. Picha ya simu na maelezo ya maneno mawili matatu yatosha.

Pigeni kamba tatu sambamba, si moja, zikiachana mita 10 au zaidi. Fremu iwekwe kila mita tano hata kama mahali hapo pamekaa vibaya. Ule mtindo wa kurusha fremu begani huku umefumba macho si wa kubahatisha hata kidogo; mkono hujua unakoelekea, na hakuna anayerusha kwenye miiba. Mkitaka sehemu za kubahatisha ndani ya shimo la mchanga au gunda, andikeni namba kwenye vikaratasi na mvichomoe kwenye kofia.

Ndani ya fremu, kila kundi liandike aina ya mmea, asilimia ya ardhi iliyofunikwa, kimo cha mmea mrefu kuliko yote, na asilimia ya mchanga mtupu. Wawili wakadirie bila kuonana, kisha walinganishe. Jumla inaweza kuzidi 100 pale jani linapolala juu ya jani jingine, na hilo si kosa. Majina yasiwakwamishe. Karibu na maji mtakuta mafunjo, ambayo Waluo huyaita togo, na matete. Kwenye mchanga tafuteni ukoka na ndago, mimea inayotambaa kwa mashina ya juu ya ardhi na ya chini kwa chini, ndiyo maana haiogopi kufukiwa. Nyuma yake kuna vichaka vya jamii ya kunde, kama sesbania, ambavyo vinundu vya mizizi yake hunasa naitrojeni ya hewani mahali ambapo mchanga hauna. Mbele zaidi kuna lantana iliyotoka Amerika, minyaa ya boma, yale ambayo Waluo huyaita maua makech na siala, na pengine mkuyu. Mmea usiojulikana upewe herufi, upigwe picha ya jani, ua na shina, na mwenyeji aulizwe jina lake. Jina la Dholuo au Olusuba linatosha kabisa kwenye jedwali. La kisayansi litatafutwa shuleni.

Kila fremu itoe pia mchanga wa ujazo wa kikombe, kutoka kina cha sentimita 10, halafu shimo lifukiwe. Darasani upimeni gramu 100, ukausheni, pimeni tena. Ukirudi gramu 92, unyevu ulikuwa asilimia 8. Kisha chukueni gramu 50 za ule mkavu, mwalimu auchome kwenye bati juu ya jiko la makaa, nje, kwa nusu saa, akikoroga kwa kijiko kirefu. Kinachopotea karibu chote ni mboji iliyoungua. Matone ya siki yakitoa mapovu, kuna chokaa, labda ya konokono waliosagika, na mchanga wa namna hiyo huwa hauna asidi. Joto pimeni palepale ufuoni, juu ya mchanga na sentimita 10 chini yake, kwenye mchanga mtupu na chini ya kichaka, saa ile ile. Tofauti yake huwashangaza wanafunzi kuliko kipimo kingine chochote, na inaeleza kwa nini mche wa mti hauoti pale ambapo ukoka unaota.

Jihadharini na mboji ya karibu na maji. Gugu maji, lililoingia ziwani humu karibu na 1990, husukumwa na upepo na kurundikana ufuoni, likakauka na kuoza. Mabaki ya omena nayo yapo. Kwa hiyo fremu ya kwanza, ambayo kitabu kinasema iwe maskini kuliko zote, inaweza kuwa na mboji nyingi kuliko ya tano. Mkiona hivyo msidhani mizani imeharibika. Rudini kwenye picha ya fremu mtazame kama kuna mashina makavu ya gugu maji.

Na mbuzi? Wanafunzi wahesabu mavi yao ndani ya mita moja kila upande wa fremu. Ni kipimo duni, ila ni bora kuliko kuandika "kuna malisho" bila namba. Shule iliyoko kisiwani yenyewe ina nafasi ambayo wageni hawana: kwa idhini ya BMU, zungushia mita moja kwa moja ya ukoka kwa matawi ya miiba, iache jirani yake wazi, na uzipime zote mbili mwanzoni na mwishoni mwa muhula. Kichaka kikianza kuota ndani ya miiba na nje hakuna, darasa limejua kwamba kilichozuia mimea kurithiana hapo ni meno, wala si umri wa mchanga.

Uchambuzi usiwe mapambo. Mchoro wa kishada, ambamo kila mmea una umbo linalonenepa pale ulipo mwingi na kukonda pale ulipo haba, uchorwe chini ya sura ya ufuo mliyoipima kwa mpira, kwa skeli ile ile, na mstari wa maji ya 2020 ukatishwe kutoka juu hadi chini. Mara nyingi mtaona kwa jicho tu mmea fulani unakoma kwenye mstari huo. Kisha fanyeni uwiano wa Spearman mara mbili kwenye kamba moja: idadi ya aina za mimea na umbali, halafu idadi hiyo hiyo na umri mlioupata kwa wazee. Zipeni fremu nafasi, 1 hadi 10, kwa kila kipimo. Tafuteni tofauti ya nafasi, izidisheni kwa yenyewe, jumlisheni, zidisheni kwa 6, gawanyeni kwa n(n²−1), n ikiwa idadi ya fremu, na mtoe jibu hilo kwenye 1. Fremu zilizofungana zigawane wastani wa nafasi zao. Kwa fremu 10, jibu lisilofika takriban 0.65 lisipigiwe debe. Linaweza kuwa bahati tu. Umri ukitoa 0.8 na umbali 0.3, mmepata hoja. Vyote vikiwa chini, pengine mbuzi na kamba za mashua ndio wenye ufuo, na hiyo ni ripoti halali.

Mtahini wa KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, huuliza matatizo ya nyanjani na hatua za ufuatiliaji, na majibu ya kukariri yanafanana kutoka shule hadi shule: mvua, uchovu, lugha. Aliyewahi kubishana na wazee watatu juu ya kijiti cha 2020 ana tatizo lake mwenyewe la kuandika, na namna alivyolitatua.

Nakala ya mwisho, yenye kimo cha kizingiti, tarehe, ramani ya kamba tatu na orodha ya mimea kwa majina ya wenyeji, ipelekwe sehemu mbili: kwa BMU, ambao wataitumia watakapokaa kuamua mchanga uchotwe wapi, na kwa shule iliyo karibu zaidi na ufuo huo. Darasa la mwaka ujao, liwe lenu au lao, litafunga kamba kwenye kizingiti kile kile na kuanza na swali la mahali ukingo wa maji ulipohamia.